Uzi wa Bluu Kwenye Damu ya Mama

Mama yangu alipoanza kupumzika mara tatu kati ya nyumba na shamba lake la kahawa, nilijua kabla ya daktari kwamba kuna kitu kinapungua. Nilijua kwa sababu nilimhesabia. Kutoka mlango wa jiko lake, kule Itaka, mpaka mbuni wa kwanza ni hatua mia moja na arobaini. Nilizihesabu kwenda, nikazihesabu kurudi, zikatofautiana mbili kwa sababu ya kuku aliyenikatiza. Zamani mama alizimaliza hatua hizo huku anaongea. Sasa alisimama ya hamsini, akajifanya anatazama mawingu. Akasimama ya tisini, akajifanya anang'oa jani. Safari ya tatu hakuwa na cha kujifanya, akageuza ndoo na kuikalia.

"Mama, umechoka."

"Nani kachoka? Ndoo ndiyo imechoka kubebwa."

Zahanati walimpima, wakasema damu imeshuka. Wakampa vidonge vya kuongeza damu, vya mwezi mzima. Mwezi ukaisha, vidonge vikaisha, damu ikabaki palepale. Wakampa vingine. Kila nilipokuja kutoka Tunduma, ambako nauza maharage ya jumla, nilimimina kopo la vidonge mezani na kuhesabu vilivyobaki, mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu. Vilivyopungua vililingana na siku zilizopita, kidonge kwa kidonge. Nikajiambia, basi anameza, na damu haipandi. Mwezi wa tano ukawa hivyo hivyo.

Hapo ndipo nilipomtaka ahamie kwangu Tunduma, niwe namwangalia kwa karibu. Alinitazama kama nimemwambia ahamie barabarani.

"Kwako hata jogoo hasikiki, ni honi tu za malori. Na kahawa yangu atachuma nani? Malori?"

"Tutaweka kibarua."

"Kibarua anachuma mbichi na mbivu pamoja, halafu anakuimbia wimbo."

Mama akitaka kushinda huhamia Kinyiha, lugha ambayo mimi naielewa yote lakini siwezi kubishana nayo, kwa sababu nilijifunza nikiwa mtoto wa kutumwa. Siku ile alihama mapema. Nikaona huu mzigo hautauzika bila mtu wa tatu kuwa shahidi.

Shahidi akapatikana. Katika hospitali moja kubwa ya huku kwetu kulikuwa na daktari mtu mzima, mwenye mvi pembeni, ambaye alishughulika na watu ambao damu yao imegoma kupanda. Alimwangalia mama, akasoma karatasi zake, akasema swali ni moja: mwili wa huyu mama unatengeneza damu, au kiwanda kimefungwa? Kipo kipimo cha kujua, na hakina malipo. Kitu cha bure mimi nakihesabu mara tatu, lakini nilikubali, na hapo hapo kwenye korido nikafunga mapatano na mama.

"Kipimo kikisema unatengeneza damu, unabaki na kahawa yako, sisemi tena. Kikisema hutengenezi, unapanda gari na godoro lako."

"Na kuku wangu?"

"Wawili."

"Kumi."

Tuliishia wanne, iwapo atashindwa. Akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na kiganja kimepauka. Niliushika zaidi ya inavyotakiwa kwenye biashara.

Daktari akatuelezea. Damu inakuwa nyekundu kwa sababu ya madini ya chuma. Chuma kikiingia mwilini, kinachukuliwa na uboho ulio ndani ya mifupa, na huko ndiko zinakotengenezwa chembe nyekundu. Kwa hiyo yeye atampa mama chuma kidogo chenye alama. Baada ya wiki mbili atachukua damu, atafute ile alama kwenye chembe nyekundu. Akiikuta kwa wingi, kiwanda kinafanya kazi. Asipoikuta, kuna tatizo.

"Alama gani?" nikauliza.

"Enzi za wakufunzi wetu alama ilikuwa mionzi."

Mama akavuta kitenge mpaka shingoni. Daktari akainua mikono kumtuliza, akaendelea kwa raha ya mtu anayesimulia ujana wake. Walikuwa wanachoma sindano yenye chuma chenye mionzi kidogo sana. Halafu wanaweka chombo cha kuhesabia juu ya mwili: mgongoni chini, penye mfupa wenye uboho, juu ya ini, juu ya bandama. Chombo kinagonga tik, tik, tik. Siku ya kwanza mgongo hujaa milio, maana chuma kimeshafika kiwandani. Siku zinavyokwenda, milio inapungua mgongoni na inaongezeka kwenye damu inayochukuliwa mkononi. Hapo unajua mali imetengenezwa na imeingia sokoni.

"Na kama imegoma?"

"Basi milio inalala kwenye ini, haitoki. Mzigo umebaki stoo."

"Mlikuwa mnahesabu mara ngapi?"

"Kila mahali mara mbili."

Nikampenda yule mzee.

Akasema siku hizi hatumii cha mionzi. Anatumia chuma cha kawaida ambacho ni kizito kidogo tu kuliko wenzake. Hakilii, hakichomi, hakina madhara, ila damu lazima isafirishwe nje ya nchi, kwenye mashine inayoweza kupambanua uzito mdogo kiasi hicho. Hapo sikufurahi. Mzigo ukienda mbali nisikokuona, roho yangu hukaa juu juu.

"Daktari, hicho cha zamani hakijabaki hata kidogo? Angalau nisikie mwenyewe."

"Mnamsikia?" mama akawaambia watu wote wa korido. "Anataka nilie kama simu."

"Dada, hakiuzwi rejareja," daktari akasema, na akacheka mpaka akavua miwani.

Nikamwambia kwamba hiyo kazi yake mimi naifanya kila wiki bila shahada. Magunia yangu yakitoka stoo Tunduma kwenda ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia, yanapita mikono mingi: wapakiaji, mikokoteni, ghala la huku, ghala la kule. Huko yanachanganywa na magunia ya watu wengine, na gunia la maharage halina sura. Kwa hiyo katika kila magunia mia, kumi nayashona pembe ya chini kwa uzi wa bluu, mwenyewe, kwa shazia yangu, bila kumwambia mtu. Siku ya pili navuka, namwamkia mnunuzi, "Mwapoleni mukwai," tunaulizana habari za nyumbani, na huku nazunguka kwenye malundo nikiangalia pembe. Nikikuta nyuzi kumi au tisa, natulia. Nikikuta sita, najua pa kuanzia kuuliza, na swali langu la kwanza halihusu maharage.

Daktari aliweka kalamu chini. "Ndivyo hivyo hivyo," akasema. "Ila mimi natumia nyuzi za rangi mbili. Moja mama atainywa, itatuambia tumbo lake linapokea chuma kiasi gani. Ya pili itaingia kwenye mshipa moja kwa moja, na hiyo ndiyo itakayotuambia kama uboho unatengeneza damu."

Siku ya kipimo tulifika asubuhi, mama akiwa hajala kitu, jambo alilolitangaza kwa kila aliyepita. Kwenye benchi alimkuta mama mwingine wa umri wake, kutoka Hasamba, mnene kidogo, hana meno mawili ya mbele, naye damu imemgomea. Kabla sijatafuta pa kukaa walikuwa wameshaulizana kahawa, mvua, wajukuu na kanisa, na wameshaitana dada.

Nesi akaleta vikombe viwili vyenye kinywaji cha ndimu kilichotiwa chuma chenye alama. Alikuwa amevipima kwenye mzani mdogo ambao niliutamani. Mzani usio na ubishi. Akaandika uzito wa kila kikombe.

"Mama zangu, mnakunywa chote, mpaka tone la mwisho. Halafu naleta maji kidogo, nasuuza kikombe, mnakunywa na hayo."

"Tumesikia, mwanetu."

Nesi akageuka kuchukua maji. Mimi niligeuka kuangalia saa ya ukutani, niandike muda. Hatukugeuka zaidi ya nusu dakika, na katika hiyo nusu dakika kipimo cha tumbo kikafa.

Kwetu mtu hamalizi kikombe peke yake mbele ya mwenzake. Unakunywa, unabakiza chini, unamsogezea: pokea. Kumaliza mpaka tone huku mwenzako anakuangalia ni tabia ya mtu aliyelelewa porini. Nilipogeuka, mama alikuwa anapokea kikombe cha mama wa Hasamba kwa mikono miwili, goti limekunjwa kidogo kwa heshima, na yule wa Hasamba alikuwa anajifuta mdomo kwa kumaliza cha mama.

"Mmefanya nini?" nikauliza.

"Tumekunywa."

"Mmebadilishana vikombe!"

"Sasa wewe ulitaka ninywe chote, dada yangu ananitazama hivi?" Mama akafanya macho ya njaa. "Watu watasema nimelelewa na nani?"

"Cha kwake kilikuwa kitamu kuliko changu," mama wa Hasamba akasema. "Chake kina ndimu zaidi."

"Ni kitu kilekile, mama!" Nesi alikuwa amesimama na maji mkononi, sauti imempanda. "Nimevitengeneza pamoja!"

"Basi mkono wako ulitetemeka mwishoni."

Nilitoa karatasi. Nikamuuliza mama kambakizia mwenzake mafunda mangapi. Akasema matatu. Na yeye kabakiziwa mangapi? Manne, maana yule dada ana moyo. Nikataka kujua ni mafunda ya mdomo gani, kwa sababu mama yangu hunywa kama ndege na huyu mwingine, pengo lile, funda lake moja ni mawili ya mtu. Nilikuwa nimeshaanza kuzidisha. Mama wa Hasamba akanitazama kwa upole.

"Huyu binti yako ana kazi gani?"

"Anauza maharage."

"Eeh. Nilidhani ni polisi."

Nesi alikaa chini, akashindwa kuchagua kati ya kulia na kucheka, akaenda kumwita daktari. Daktari akaja, akasikiliza kesi nzima, akawatazama wale akina mama wawili waliokaa kwa adabu kama wanafunzi waliofaulu. Akauliza jambo moja tu.

"Na ya kwenye mshipa mtagawana?"

"Hiyo," mama akasema huku akikunja mkono wa gauni, "labda mtufundishe."

Daktari akaeleza kwamba cha kikombe kimeharibika, hakitatuambia kitu; mafunda hayaingii kwenye hesabu yake hata nikiyazidisha vipi. Lakini cha mshipa kitajibu swali lililotuleta. Nilisimama karibu wakati anachoma. Maji ya rangi ya chai nyepesi yalisukumwa taratibu mkononi mwa mama, na mama hakulitazama bomba la sindano, alinitazama mimi.

"Nikishindwa," akasema polepole, "kuku wanne ni wachache."

Ndipo nikaona kwamba anaogopa.

Nilirudi Tunduma na neno moja limenikaa kichwani, lile "pokea". Nilikuwa stoo nashona gunia nilipouacha uzi katikati. Mtu ambaye hawezi kunywa dawa ya hospitali, iliyopimwa kwenye mzani, mbele ya nesi, bila kumbakizia aliye jirani, vidonge vyake kule nyumbani anavimezaje? Kopo lilipungua sawasawa, kweli. Lakini mimi, na ujanja wangu wote, nilikuwa nimehesabu yanayotoka stoo tu. Sikuwahi kuvuka kuhesabu yanayofika. Kosa hilo kwenye maharage ningemfukuza mtu kazi.

Sikumpigia simu. Kumuuliza mama jambo kwa simu ni kumpa nafasi ya kukosa mtandao.

Wiki mbili zikaisha, damu ikachukuliwa, ikasafiri. Sisi tukangoja. Kahawa ikaiva. Nilikwenda Itaka mara kwa mara nikamkuta anachuma akiwa amekaa, anahama na ndoo yake kutoka mche hadi mche, na kila nilipofungua mdomo alisema, "Majibu bado." Upande wangu nilipaka rangi chumba cha uani, nikanunua pazia. Sikumwambia. Nilikuwa nahesabu kwamba atashindwa, na tayari nilikuwa nimeanza kuzoea wazo la kumsikia asubuhi akigombana na honi.

Majibu yalipokuja, kahawa ilikuwa inakauka juu ya vichanja. Daktari alituita sote wawili. Alikuwa na karatasi yenye tarakimu nyingi, na kwa heshima yangu akaisoma kwa lugha ya magunia.

"Katika kila nyuzi kumi nilizopitisha kwenye mshipa, tumezikuta nane na kidogo kwenye chembe nyekundu."

"Nane," nikasema.

"Na kidogo. Tumepima mara mbili."

"Maana yake?" mama akauliza.

"Maana yake, mama, kiwanda chako kizima. Kina njaa, lakini kizima. Ukikipa chuma kinakidaka chote."

Mama alinigeukia, akaunyoosha mkono wake nilioushika siku ile ya korido, akaupiga gotini kwake mara moja, pa. Kahawa imebaki kwake.

"Sasa," daktari akaendelea, "kama kiwanda ni kizima na vidonge ni vingi hivyo, chuma kinapotelea wapi? Nitaangalia kama kuna mahali unapoteza damu bila kujua. Lakini kwanza naomba..."

"Daktari, samahani," nikamkata. "Mama, vidonge unagawana na nani?"

Mama akahamia Kinyiha.

"Kiswahili, mama. Daktari ni mgeni."

Mama akaanza kuhesabu kwa vidole, na ndipo nilipojua hesabu nimeirithi kwa nani. Jirani wa juu ana mimba, lazima apewe. Mkwe wa huyo jirani ana kizunguzungu. Mwalimu wa kwaya alianguka kanisani. Na yule mama anayemletea maziwa, yeye hana ugonjwa, ila alikuwepo vidonge vikitolewa, utamrukaje?

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nameza Jumapili."

"Jumapili tu?"

"Na sikukuu."

Daktari alishika paji la uso. Akauliza, nadhani alishindwa kujizuia, kama hao wengine damu yao imepanda.

"Wote!" mama akasema, na uso wake ukang'aa. "Mwalimu wa kwaya sasa anaimba mpaka tunamwambia apunguze."

Daktari akamwambia kwa upole kwamba hao wote waende zahanati wapimwe, wapewe vya kwao, mwenye mimba wa kwanza. Na kwamba kuanzia leo kopo hili ni la mtu mmoja. Mama akasema amesikia. Mimi hiyo "tumesikia" nimeshaiona inavyofanya kazi, kwa hiyo nikaomba iongezwe sharti: kila siku atameza mbele ya mwalimu wa kwaya, ambaye ana deni la sauti kwake, na yeye atanitumia ujumbe. Mama akapinga kidogo kwa ajili ya heshima, akakubali. Damu ilianza kupanda mwezi uliofuata. Haikupanda kwa mbio, ila ilipanda.

Jioni ya siku ile ya majibu nilimrudisha Itaka. Tulitembea mpaka kwenye vichanja, akaanza kuchambua kahawa, mbovu anatupa, nzima anaacha, na mimi nikasimama upande wa pili nikimsaidia. Mtu aliyeshindwa kwenye mapatano aliyoyatunga mwenyewe anachambua kahawa tu.

"Nimeshinda," akasema.

"Umeshinda, mama. Unabaki."

"Haya, toa nyongeza."

"Nyongeza ya nini? Tulisema unabaki, basi."

"Mfanyabiashara gani asiyeongeza. Nikinunua kisado cha maharage kwako huongezi?"

"Unataka nini?"

Akachambua punje tatu nne kabla ya kujibu.

"Uwe unakuja Ijumaa. Ulale mpaka Jumapili, twende kanisani. Si kuja na kuhesabu makopo na kuondoka na gari la saa kumi."

"Mara moja kwa mwezi?" nilisema kwa mazoea.

"Kila wiki."

Hapo ndipo mahali pa kusema kila baada ya wiki tatu, ili yeye aseme wiki moja na nusu, ili tuishie mbili. Ningeweza kuisema usingizini. Badala yake nikasema, "Sawa. Kila wiki," bila kupunguza hata siku.

Mama akaacha kuchambua. Akanitazama muda mrefu, kwa mashaka, kama mtu aliyepokelewa bei yake ya kwanza na sasa anajiuliza kwa nini hakutaja kubwa zaidi.